Dawa Niliyotia Kwenye Mbeta

Nilitia dawa ya viazi kwenye mbeta yangu mwenyewe, jioni ya siku ya kazi, nikiwa na akili zangu timamu. Nalisema hili mapema kwa sababu kila niliyewahi kumsimulia amejaribu kunitafutia kisingizio. Mmoja alisema ni uchungu wa ujane, mwingine akasema ni shetani. Hapana. Nilipima dawa kwa ncha ya kijiko, nikakoroga kwa kijiti, nikarudisha jani la kufunikia, kisha nikaenda kupika.

Kwa asiyetoka huku kwetu, mbeta ni kipande cha mwanzi kinachofungwa kwenye chipukizi la mlanzi lililokatwa ncha, ili utomvu wake, ulanzi, udondokee humo. Asubuhi na jioni unapita na kisu kikali, unakata tena kijipande chembamba, na chipukizi linaendelea kutoa. Ukiunywa ungali mbichi ni mtamu, tunauita mtogwa, hata mgonjwa anapewa. Ukilala unachachuka na kuwa pombe kamili. Mvua zikikatika, nao unakatika.

Nyumba yangu iko Mjimwema, upande ule mji wa Njombe unapoanza kuwa mashamba. Nyuma ya nyumba kuna mashina matatu ya milanzi aliyoacha marehemu mume wangu. Wanawake wengi hawagemi. Lakini mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, nimefundisha muda mrefu hadi sasa nafundisha watoto wa wanafunzi wangu, na nilijiambia kwamba ninayeweza kunyamazisha darasa zima siwezi kushindwa na mianzi. Nikajifunza kugema. Nilikata vidole, nikaumwa na nyuki, lakini nikajua.

Shina la tatu liko mpakani, karibu na majani ya ng'ombe yanayonitenganisha na jirani. Mbeta ya shina hilo ndiyo iliyokuwa inaibiwa, na aliyekuwa anaiba alikuwa na adabu iliyonitia wazimu. Alikuwa anachukua kikombe kimoja tu. Kimoja kila asubuhi kabla sijaamka, kisha anarudisha jani pale pale, hata jiwe dogo la kulikandamiza analirudisha juu yake. Mtu angebeba mbeta yote ningelia na kunyamaza. Huyu alikuwa ananipimia. Niliweka alama ya mkaa ndani ya mbeta, na kila asubuhi ulanzi ulikuwa chini ya alama, kwa kiasi kile kile. Kwa wiki tatu nilikuwa naenda shule nimekunja uso, watoto wanaona hesabu zimekuwa ngumu bila kujua kosa lao.

Niliwashuku vijana wa bodaboda wanaoegesha pale barabarani. Sikumfikiria mtu mwingine. Nilikuwa na pakiti ya dawa ya ukungu wa viazi iliyobaki tangu kupulizia, na nilichotaka ni mwizi atapike. Atapike siku nzima, nimjue kwa uso wake, nimcheke. Nitakisema hivyo hivyo hata nikifika mbele ya Mungu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi nilikuta ulanzi uko chini ya alama. Nilifurahi. Nilimwaga uliobaki, nikasuuza mbeta, nikaenda shule naimba wimbo wa kanisani.

Saa nne mwalimu mwenzangu aliingia ofisini akiwa amechelewa, akatua kikapu chake na kusema amepishana na jirani yangu kwenye bodaboda, ameshikwa na mtu nyuma, anatapika hata kichwa hakisimami.

"Jirani yako yule wa mpakani," alisema. "Wanampeleka hospitali."

Huyo jirani ni mama wa umri wangu. Alizaliwa Mlangali, kwa Wapangwa, akaolewa huku, na mume wake alifuata kazi ya mbao mikoani akasahau njia ya kurudi. Tuko jumuiya moja ya kanisa. Tumeazimana chumvi, majembe na hata viatu vya kuendea msibani. Mume wangu aliposhushwa kaburini, mkono ulionishika nisidondoke ulikuwa wa mama huyu.

Nilirudi darasani. Ilikuwa siku ya hesabu za kutoa kwa kuazima. Nilifundisha mpaka kengele, chaki ikanikatikia mkononi mara mbili, na watoto wa mbele wakaniokotea vipande. Naona aibu kuandika kwamba jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa kama atapona. Lilikuwa: pakiti iko wapi?

Nilipotoka shule nilikimbilia nyumbani, wala si hospitali. Nilichoma ile pakiti. Nilisugua mbeta kwa majivu, kisha nikaona kusugua hakutoshi, nikaikatakata na kuitia jikoni. Nikafagia hata pale chini ya mlanzi. Ndipo nikapika uji wa ulezi, nikauweka kwenye chupa na kwenda kumwona mgonjwa. Ningependa kusema niliupika kwa huruma, lakini nilikuwa nakwenda kuangalia kama ameshasema.

Nilimkuta amelala na dripu, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Daktari alikuwa amesimama pale na faili lake.

"Mama, jitahidi kukumbuka. Tangu jana jioni umekula nini?"

Jirani yangu alinitazama mimi, hakumtazama daktari. Alinitazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko ibada.

"Uyoga," alisema. "Nimekula uyoga wa msituni."

Daktari akaandika. Nami nikaelewa yote pale pale. Alijua nilichofanya, na nilijua alichokuwa akifanya. Hakuweza kutaja mbeta bila kujitaja mwizi, nami sikuweza kufungua mdomo bila kujipeleka gerezani. Daktari alipoondoka nilimimina uji kwenye kikombe, nikachota kijiko na kukisogeza kwenye midomo yake. Hakuifungua. Huku kwetu anayekukaribisha pombe huonja kwanza mbele yako, uone haina kitu. Kwa uji hatufanyi hivyo. Nilikirudisha kijiko, nikanywa mimi, nikachota kingine. Ndipo akafungua mdomo.

Alilazwa siku nne. Mtaani habari ya uyoga ilienea, na akina mama wanaouza uyoga kando ya barabara wakarudi nyumbani na vikapu vimejaa. Nilipita mbele yao kila siku na kuwasalimia. Hofu niliyokuwa nayo siku hizo sijui niielezeje. Haikuwa inapanda na kushuka. Ilikaa nami muda wote, hata nilipokuwa nacheka na walimu wenzangu. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na shule, maneno yalinipotea katikati ya sentensi.

Jirani aliporuhusiwa, mdogo wake wa kiume alikuja kumwona. Huyu anaishi Makambako, mitaa ya Lyamkena, na ana malori mawili yanayobeba viazi. Alisilimu alipooa huko, na tangu hapo hagusi pombe. Siku ya pili ya ujio wake, mchana, nilimwona amesimama getini kwangu amevua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Hapa panatosha." Alisema taratibu kabisa. "Mwalimu, mimi na dada yangu tumechuma uyoga Mlangali tangu hatujajua kuvaa viatu. Ule mbaya tulikuwa tunautambua kwa harufu. Nilimwambia dada, hilo la uyoga kamwambie daktari, usiniambie mimi."

Akazungusha kofia mkononi.

"Jana amenieleza. Ya kwake ya kuiba amenieleza, na ya kwako. Sasa nakwenda kumaliza mzigo. Ijumaa baada ya swala narudi, namchukua, tunakwenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya aliyeumizwa. Nimeona nikuambie usoni, usije ukasema nimekuvizia."

Akaniaga kwa heshima, akafunga geti, na akahakikisha komeo limeingia. Ningeona afadhali angenitukana.

Ilikuwa Jumanne. Sikuweza kula. Nilikuwa naona gari la polisi limesimama chini ya mlingoti wa bendera, watoto wamejaa madirishani, nami napandishwa nyuma nikiwa na vumbi la chaki kwenye sketi. Niliona jina langu likisomwa mahakamani, na chai ya karani ikipoa huku anaandika neno sumu. Nilifikiria kazi, mafao na wanangu walio mbali watakaopigiwa simu na watu wengine. Na katikati ya hayo yote niliwaza pia namna ya kukana. Pakiti imeungua, mbeta imeungua, daktari ameandika uyoga. Nilipanga majibu kichwani kama ninavyopanga maswali ya mtihani, na yalipangika vizuri. Hilo lilinitisha kuliko gari la polisi, kwa sababu niliona naweza kushinda.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikapanda basi mpaka Makambako. Nilimkuta kwenye uwanja wa kupakilia, upepo unapeperusha maganda ya viazi, vijana wanashona magunia. Alinipa kiti na kuagiza chai. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Njombe. Nikayasema yote. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia simu.

"Unaniomba mimi msamaha," alisema. "Kwani mimi nilikunywa nini?"

"Wewe ndiye unayekwenda polisi."

"Nakwenda kwa sababu dada yangu haendi. Anakuogopa, Mwalimu. Anasema yeye ndiye alianza." Alizungusha kikombe mezani. "Kamwombe yeye. Lakini msifanye hivyo nyinyi wawili jikoni. Wewe una maneno, yeye hana, utammaliza. Kaseme mbele ya watu, ulichofanya chote, kwa mdomo wako. Akisema imetosha, mimi nanyamaza. Akisema polisi, gari ninalo."

"Mbele ya watu gani?"

"Watu wenu. Mnaosali nao."

Nilirudi Njombe na kwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni fundi seremala, mtu mpole, na nilimkuta anapiga randa. Nilipofika kwenye neno dawa aliweka randa chini, akaenda kufunga mlango.

"Mwalimu, ungeniacha tu na huo uyoga," alisema.

"Nataka tukae. Ijumaa, kwake."

"Hii ni jinai. Mimi sina mamlaka nayo. Hata baraza la kata halina. Nikiandika mstari mmoja, kesho naulizwa kwa nini nilificha."

"Basi usiandike."

Alijifuta vumbi la mbao kwenye nyusi. Niliona naye anaogopa, nikamwonea huruma, maana hakuwa amefanya lolote.

"Nitakuja kama jirani. Lakini elewa, bila karatasi hakuna kinachokukinga. Anaweza kukusamehe kesho, na mwakani akaamka vibaya akaenda polisi. Akienda, mimi nitasema nilichosikia. Sitadanganya kwa ajili yako."

Nikamwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa vizuri. Nilielewa baadaye, taratibu, kila asubuhi.

Ijumaa alasiri tulikaa uani kwa jirani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa la jiko. Yeye alikaa kwenye mkeka amejifunika blanketi, mdogo wake kwenye kigoda pembeni yake, mwenyekiti karibu na mlango, na akina mama wawili wa jumuiya yetu kwenye benchi. Mimi nilipewa kiti nikashindwa kukikalia. Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote, na siku ile nilijikuta natafuta chaki mkononi.

"Kwa bahati mbaya," nilianza, "kulikuwa na dawa kwenye mbeta..."

"Bahati mbaya ndiyo iliyotia?" aliuliza mdogo wake.

Nikaanza upya. Nikasema niliitia mimi. Nikasema kiasi. Nikasema nilifurahi asubuhi, na nilichoma pakiti, na nilikwenda hospitali kuchungulia, na nilikuwa nimejiandaa kukana. Mmoja wa wale akina mama alikuwa anakunywa ulanzi wangu kila Jumapili baada ya misa. Nilimwona anashika koo lake polepole, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

Baadaye watu waliniambia nilibahatika kukwepa mahakama. Sijui. Mahakamani ningesimama na kusema si mimi, na pengine ningerudi nyumbani huru, mwongo mwenye hati. Pale uani kila mtu alikuwa anajua sauti yangu ninaposema kweli na ninapozungusha. Niliogopa macho yale kuliko ambavyo ningemwogopa hakimu, na nadhani ndiyo maana mdogo wake alinitaka pale.

Mwenyekiti akamgeukia jirani. "Mama, sema na wewe."

Alisema akitazama mkeka.

"Milanzi yangu ilikatwa mwaka jana ile barabara ilipopanuliwa. Yote. Nikasema nitakunywa maji kama watu wengine. Msimu ulipoanza nikawa nasikia harufu ya kwake ikija kwangu, kila asubuhi. Nikaenda nikachukua kikombe kimoja. Nikasema nitamwambia. Kesho yake nikachukua tena, ndipo nikaona haya, maana sasa ningesemaje, nimekuibia mara mbili?" Akainua uso. "Ilifika siku nikawa nashindwa kuacha na nashindwa kusema. Nilikuwa narudisha jani vizuri ili usikasirike."

Nilitaka kuongea, mwenyekiti akaninyooshea mkono nisubiri.

"Ningeomba ungenipa?" aliniuliza.

"Ningekupa mbeta nzima."

"Najua. Nilijua hata wakati ule." Akavuta blanketi. "Tangu nitoke hospitali sinywi kitu cha mtu. Uji anaonipikia mdogo wangu mwenyewe, namwambia aonje. Ndugu wa tumbo moja namwambia aonje. Hicho ndicho ulichonifanyia. Kutapika kuliisha."

Mdogo wake alikuwa anaangalia chini.

"Polisi sitaki," alisema. "Na vitu vyake sitaki. Nataka anigemee. Lile shina la mpakani, kila asubuhi mpaka mvua zikatike. Anilete mwenyewe, aonje mbele yangu, ndipo ninywe. Nikiweza kunywa kwake, nitaweza kunywa kwa watu wengine."

Mwenyekiti alishusha pumzi ambayo sote tuliisikia. Akaniuliza kama nakubali. Nikasema nakubali. Mdogo wake akasimama, akavaa kofia.

"Mimi nimesikia," alisema. "Dada akiumwa, hata likiwa ni tumbo la kawaida, naanza na wewe. Kwaheri, Mwalimu."

Akaondoka kwenda kuwahi mzigo. Na hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza.

Hebu fikiria: jambo limeshazungumzwa mbele ya watu watano. Baada ya siku mbili mtaa mzima unajua. Shina liko mpakani, mbeta inaning'inia nje usiku kucha bila mlinzi, na kila mtu anajua nani atalaumiwa ulanzi ule ukiwa na kitu. Mwenye chuki na mimi hahitaji kunigusa. Hata bila adui, kuna mjusi, kuna dawa inayopeperushwa kutoka mashamba ya parachichi, kuna tumbo la kawaida tu la binadamu. Nilikuwa nimeyafunga maisha yangu kwenye tumbo la yule mama.

Basi nikawa naamka kukiwa na giza la alfajiri, natengua mbeta, nauchungulia kwa tochi, naunusa, nakunywa nusu kikombe pale pale chini ya mlanzi. Kisha nakaa juu ya gogo na kungoja. Nilikuwa nangoja nione kama nitakufa. Sisemi kwa mzaha, nilikuwa nakaa pale natega sikio tumboni, ukungu unanilowesha kichwa, mpaka jogoo wa jirani awike mara ya tatu. Nisipopata lolote, ndipo napeleka. Mbele yake nilimimina kwenye kikombe na kuonja tena, na yeye alikuwa anatazama koo langu. Hakutazama uso. Alitaka kuona umeshuka. Halafu anakunywa kidogo kidogo, macho bado kwangu.

Siku za mwanzo hatukuongea. "Kamwene," namwambia. "Kamwene," anajibu. Naonja, anakunywa, naondoka. Shuleni mwalimu mkuu aliniita akaniuliza kwa upole kama nina matatizo nyumbani, maana nilikuwa nanukia ulanzi tangu saa moja asubuhi. Nikamwambia ni dawa. Alinitazama kwa namna ambayo tangu hapo nilianza kutafuna karafuu.

Wiki ya tatu nilikuta jani limesogea. Jiwe lilikuwa chini. Pengine ni ndege, pengine ni upepo. Nilisimama pale na tochi, na jasho likanitoka kwenye baridi ile. Nikaumwaga ulanzi wote ardhini, hata kunusa sikuthubutu, nikaenda kwake mikono mitupu.

"Leo sina," nilimwambia mlangoni. "Jani lilikuwa limesogea. Nimemwaga."

Simu yake ilikuwa mkononi. Niliiangalia ile simu. Ilikuwa siku ya kukosa, ile ambayo mdogo wake alikuwa akiisubiri kule Lyamkena.

"Umemwaga wote?"

"Wote."

Akaitia simu kwenye mfuko wa aproni. "Haya. Kesho basi," alisema.

Baada ya siku ile alianza kuniuliza mambo madogo. Watoto wamefaulu? Mvua ya jana imekuharibia maharage? Sikujua kama hayo ni maongezi au anapima sauti yangu. Nilijibu kwa uangalifu. Bado alitazama koo. Bado nilikaa kwenye gogo.

Mvua zilianza kuchoka. Chipukizi likawa linatoa kidogo, mbeta haifiki nusu. Nilihesabu asubuhi zilizobaki kama mtu anayesubiri kuruhusiwa kutoka wodini. Wiki ya mwisho ilikuwa ya mitihani, na kuna asubuhi nilipitiwa na usingizi juu ya karatasi za watoto. Nilizinduka kumepambazuka. Nilitengua mbeta mbio mbio. Sikumulika. Sikunusa. Sikukaa kwenye gogo. Nilijiambia nitaonja mbele yake, inatosha, kama kuna kitu kitanipata mimi kwanza.

Alikuwa amekuja kunipokea kwenye kijia, katikati ya majani ya ng'ombe, ana ungo wa maharage kiunoni.

"Leo umechelewa, Mwalimu."

"Mitihani," nilisema.

Akaweka ungo chini. Akanyoosha mkono, nami nikampa mbeta nikidhani ataishika nitoe kikombe. Aliondoa jani, akaiinua kwa mikono miwili na kunywa. Hakungoja. Alikunywa kama tunavyokunywa kwa watu wetu, kichwa kimelala nyuma, macho amefumba.

"Ngoja," nilisema. "Ngoja, sijaonja."

Alimaliza. Akajifuta midomo kwa kiganja, akanirudishia mbeta tupu.

"Mtamu," alisema. "Unakatika huu."

Akaokota ungo wake na kwenda kukaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, akaanza kuchambua maharage. Nilibaki nimesimama na ile mbeta. Hapakuwa na tone lililobaki la kuonja. Mtu yeyote angeniambia nifurahi, na nadhani kuna mahali ndani yangu palifurahi, lakini sikupafikia. Nilikuwa namtazama koo. Kwa wiki zote zile nilikuwa nimeogopa pingu, mdogo wake na tumbo langu mwenyewe, na asubuhi ile sikukumbuka hata kimoja. Nilimkumbuka amelala na dripu, midomo imekauka.

"Kaa basi," aliniambia. "Utachelewa shule, lakini kaa."

Nikakaa chini, mgongo kwenye ukuta wake. Kengele ya shule ilisikika kwa mbali, ya kwanza na ya pili. Kila alipotua mkono kupumzika nilishtuka. Kila alipokohoa nilijiinua. Jua lilipita juu ya jiko, akamaliza ungo wa kwanza na kuleta wa pili, akanisukumia nusu yake nichambue. Sikuondoka mpaka saa nne ilipopita, saa ile ile niliyoletewa habari ofisini siku ya kwanza, na yeye bado anatoa mawe kwenye maharage na kunilalamikia kuhusu kuku wangu.